Maji ya Chikichi na Vidonge vya Baba

Nyumba ya Panya,
Kituo cha Utafiti.
Jumatatu asubuhi.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa roho haijatulia, na sababu yake utaisoma humu humu. Umeamkaje? Mgongo unasemaje? Na yule jogoo wako asiyejua saa bado anawaamsha watu usiku wa manane, au dada ameshamgeuza mchuzi? Huku kwetu mvua zimeanza, paa la ofisi linavuja pale pale panapovuja kila mwaka, na kila mwaka fundi anaapa kwamba amelimaliza.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Wewe na simu mnajuana. Masikio yako kinu cha mawese kilishayala miaka thelathini na moja, na yaliyobaki unayatumia unavyotaka mwenyewe: nikikuuliza habari za vidonge, unanijibu habari za mahindi. Kwa hiyo bahasha hii nimempa dereva wa lori akukabidhi mkononi, nikamwambia asiondoke mpaka akuone umevaa miwani. Isome mwenyewe hadi mwisho, kisha mpe dada naye aisome.

Dada alinipigia juzi. Alisema ulijikwaa kwenye ngazi ya nyuma wiki tatu zilizopita, hukusikia maumivu yoyote, na sasa kidole kidogo cha mguu wa kushoto kina kidonda kisichofunga. Alisema pia kwamba vidonge vya kisukari umeviweka kabatini, nyuma ya sahani za wageni, huu mwezi wa pili, kwa sababu sasa unatibiwa na maji yako mwenyewe. Ulitamka hivyo kwa majivuno, alisema, maji yangu mwenyewe, mbele ya jirani aliyekuja kuazima nyundo. Baba, nilipokata simu nilikaa sakafuni katikati ya vizimba, panya wote wakinitazama.

Nakuandikia ili urudie vidonge leo. Hilo ndilo la kwanza na ndilo la mwisho. Yaliyo katikati ni ya kukueleza kwa nini, maana nakujua, hujawahi kufanya jambo kwa kuamriwa.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka walivyokuita pale kinuni. Wenzako walikuwa Bwana Mashine, Bwana Mizani, wewe ukawa Bwana Matope, kwa sababu kazi yako ilikuwa kulinda mabwawa ya maji machafu. Chikichi lilipikwa kwa mvuke, likakamuliwa, mafuta yakaenda zao kwenye mapipa yenye heshima, na maji yaliyobaki, ya kahawia, yenye harufu ya kumfukuza mbwa, yakaja kwako. Ile harufu ilikufuata nyumbani. Shuleni watoto walikuwa wakiziba pua nikipita, na siku moja nilikuomba usije tena kunichukua ukiwa na mabuti ya kazini. Hukunigombeza. Siku ya pili ulikuja umevaa viatu vyako vya harusi, vimekubana mpaka unachechemea. Nilikuwa na miaka tisa na niliona aibu ambayo haijaniisha mpaka leo.

Ndiyo maana nilipopata kazi hapa, ya kuwalisha na kuwasafisha panya, na nikaambiwa kinachochunguzwa ni maji ya kinu cha mawese, nilicheka peke yangu njia nzima. Mkuu wetu ni yule mama mtafiti niliyekusimulia, ambaye sote tunamwita Mama Vipimo, kwa kuwa hupima kila kitu mara mbili, hata chumvi ya chakula chake. Alinieleza kwa lugha yangu, bila maringo. Alisema mchikichi hauna miguu ya kukimbia jua kali wala wadudu, kwa hiyo unajitengenezea kinga yake ndani ya tunda. Kinga hiyo ni vitu vinavyoitwa fenoli. Nyingi kati yake hazipatani na mafuta, zinafuata maji. Basi miaka yote hiyo watu wamekamua tunda, wakachukua mafuta, na sehemu nzima ya kinga wakaimwaga bwawani, kwa Bwana Matope.

Wanachofanya hapa ni kuyachuja maji hayo mara nyingi, kuondoa matope na masalia ya mafuta, mpaka yanabaki maji safi ya kahawia yenye uchungu kidogo. Mama Vipimo anasema mwili wa mwenye kisukari una kitu mfano wa kutu, kinatafuna mishipa ya macho, ya figo na ya miguu polepole, na kwamba fenoli zinadhaniwa kupunguza kutu hiyo, pengine hata kuizuia sukari isipande sana. Zinadhaniwa, baba. Neno hilo analisema kila mara na mimi kila mara nilikuwa nalipita.

Sasa nikueleze habari ya panya, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Tuna panya thelathini wa aina inayopata kisukari kama sisi, ukiwalisha vyakula laini vya nafaka. Kumi na watano vizimba vyao vina kibandiko cha kijani, nao hunywa maji ya kahawia. Kumi na watano wana kibandiko cheupe, nao hunywa maji ya bomba, basi. Kila asubuhi nawapima uzito, nabadilisha pumba wanazolalia, naandika nani kanywa kiasi gani. Mchana Mama Vipimo huja na daftari lake. Wiki za mwanzo hakukuwa na tofauti. Ilipofika wiki ya nane, wale wa kibandiko cheupe walianza kunywa maji kwa pupa, pumba zao zinalowa kabla ya saa tatu, na mmoja, jike mnene niliyempa jina la Shangazi kwa vile alikuwa akikagua kila kitu, jicho lake moja likaanza kuingia ukungu. Ng'ambo ya chumba, hatua nne tu, wenzao wa kijani wanarukaruka.

Wewe ndiye uliyetulea hivyo, baba. Katika nyumba yako hakuna aliyekula huku mwenzake anatazama. Yai moja ulikuwa ukiligawa mara nne kwa uzi, na kipande chako kilikuwa kile chenye ute mtupu. Nikajiuliza mimi ni mtu gani wa kubeba dumu la dawa mbele ya Shangazi nikampa jirani yake. Basi kuanzia wiki ya tisa, nikishapima uzito, nilikuwa nawawekea wale wa kibandiko cheupe maji ya kahawia kutoka kwenye mabaki ya jana, na saa sita, kabla Mama Vipimo hajaja, naosha chupa na kuwarudishia maji ya bomba. Sikumwambia mtu. Niliona nimetenda wema na nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Wiki ya kumi na sita damu zikapimwa. Mama Vipimo alitoka maabara na karatasi mkononi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akaniambia kwamba kazi ya miaka sita imekwisha. Wa kijani sukari yao ilikuwa chini, ni kweli, lakini hata ya wa cheupe ilikuwa imeshuka, wakati hawajanywa kitu. Kwa hiyo, alisema, maji ya chikichi hayana kazi yoyote. Huenda ni chakula kilibadilika, huenda ni joto la chumba. Alisema kesho yake atawaandikia wakubwa wafunge mradi. Alikuwa na macho ya mtu aliyefiwa.

Sikufichi, baba. Nilipiga magoti kwenye zile pumba nikamwambia yote, tangu Shangazi mpaka dumu.

Nilitegemea anifukuze. Aliuliza tu nilianza tarehe gani. Nikamwambia ni Jumanne ile bomba la uani lilipopasuka. Akafungua daftari lake, akashusha kidole ukurasa kwa ukurasa, akaona sukari ya wa cheupe ilikuwa inapanda, inapanda, mpaka wiki hiyo hiyo, kisha ikaanza kuteremka. Uso wake ukabadilika. Lakini alipoona na mimi naanza kutabasamu, akanikatiza. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Usifurahi. Hii haithibitishi kitu, maana umekoroga wewe. Umewaonea huruma panya kumi na watano, ukawanyima jibu watu wote wanaolisubiri. Wanaokunywa maji matupu ndio wanaotuambia ukweli."

Tulianza upya. Panya wapya, wiki kumi na sita nyingine, na aliniacha mimi yule yule niwahudumie, bila kunifungia dumu wala kunichunga. Afadhali angenichunga. Safari hii niliwapa wa kibandiko cheupe maji ya bomba, siku baada ya siku, nikawaona wanadhoofika na sikugusa. Wanne walikufa. Niliwazika nyuma ya karakana, na fundi wa paa akanicheka kwamba paa limemshinda yeye na msiba wa panya umenishinda mimi.

Ijumaa iliyopita tulimaliza. Nataka ulijue hili kwa furaha yote linayostahili: imeonekana, baba. Wa kijani sukari yao iko chini kwa mbali kuliko wenzao, macho maangavu, manyoya yanang'aa, na hakufa hata mmoja. Mama Vipimo alipima mara mbili, akapima mara ya tatu kwa kuwa hakuamini furaha yake, kisha akanikumbatia na glavu zake zote. Yale maji uliyoyachunga jua na mvua, waliyokuchekea, yana kitu cha maana ndani yake. Nililia pale pale. Nilitamani mama angekuwa hai asikie.

Lakini hao ni panya. Hatua inayofuata ni watu wachache wa kujitolea, na hao kwanza wataangaliwa kama maji yanawadhuru au la, tena kila mmoja akiendelea na dawa zake za hospitali, chini ya daktari. Kama kuna dawa itakayotoka humu, itachukua miaka, na huenda ikawa ya kusaidia vidonge badala ya kuvifukuza. Mama Vipimo anasema mtu akimwambia kwamba ameacha vidonge kwa ajili ya kazi yake, atajuta kuwa aliianza.

Sasa nafika pale nilipokuwa napaogopa. Vuta kiti kama umesimama.

Nilipokuja likizo, baada ya kuanza upya na hawa panya wapya, nilikusimulia habari za maji kwa mbwembwe, unakumbuka. Ulivua kofia, kisha ukasema: "Kumbe nilikuwa nalinda dawa. Niletee chupa moja ya maji yangu kabla sijafa." Sijawahi kukusikia ukiomba kitu. Hukuomba tulipokosa unga, hukuomba mama alipolazwa. Niliporudi kazini nikamwendea Mama Vipimo, akanikatalia bila kupepesa. Hayajapimwa kwa watu, alisema, na si yake wala si yangu kuyagawa. Nilijua ana haki. Lakini nilikuona pale kibarazani na kofia mkononi, na sikuweza kukuletea neno hapana.

Chupa nilizokutumia, baba, hazikuwa maji ya chikichi. Ni majani ya chai. Niliyachemsha hapa jikoni kwangu mpaka yakawa meusi, nikayaacha siku mbili yapate uchungu, nikakamulia ganda la ndimu ili yasinuke chai, nikayachuja kwa kitambaa. Chupa ya kwanza, na ya pili, na zote saba. Hukuwahi kuonja maji yako hata tone moja.

Uliponiandikia kwamba magoti yamekuwa mepesi na unaona tundu la sindano, nilicheka, kisha nikaona fahari, nikajiambia uongo huu umezaa heri, kwa nini niutoboe. Jambo la kunishangaza ni kwamba nilikuwa nimeshaadhibiwa kwa panya. Nilidhani lile somo ni la panya tu. Na tukisema ukweli, kama kuna kilichokusaidia, basi ni vile vijiko vinne vya sukari ulivyokuwa ukitia kwenye chai ya asubuhi, ambavyo uliviacha kwa sababu nilikwambia dawa haichanganywi na kitu kitamu. Hilo endelea nalo. Hilo peke yake lilikuwa la kweli.

Kwa ulimwengu mzima hii ni chai. Kwako imekuwa sababu ya kuacha vidonge, na mguu umekufa ganzi hata hukuhisi ngazi, na kidonda kiko wazi wiki tatu. Haya nimeyafanya mimi, mwanao, kwa mkono wangu. Wewe huna kosa la kudanganywa na mtoto uliyemwamini. Naomba radhi, baba. Naomba nikiwa nimepiga magoti, na dada akikusomea upya mstari huu usikie sauti yangu humo.

Leo alfajiri nilimweleza Mama Vipimo. Nilitegemea acheke, maana ya panya tulishaanza kuyacheka. Alikasirika kuliko siku ile. Akasema: "Ya panya nilikusamehe saa ile ile. Hili si la kusamehewa na mimi. Kamwambie mwenyewe, na umwambie leo." Akanipa ruhusa ya siku nne bila kuniuliza nani atawalisha panya, atawalisha yeye.

Ameniagiza pia jambo jingine, na hili si la kukubembeleza, maana uongo wa kukubembeleza nimeshaumaliza wote. Anasema maji wanayoletewa kutoka kinuni hayafanani. Wiki nyingine yana fenoli nyingi, wiki nyingine karibu hakuna, na hakuna anayejua sababu. Nilimwambia baba yangu alikuwa anajua kwa kunusa tu kama machikichi yamekamuliwa siku ile ile au yamelala siku tatu uani yakiharibika, na alijua ni bomba lipi limetoka wapi. Alinitazama kama nimemwambia nimeokota dhahabu. Anataka uje ukae naye wiki mbili kwenye mabwawa, umfundishe, na jina lako liandikwe kwenye ripoti pamoja na wataalamu. Jina lako kamili ulilopewa na bibi. Gari atalituma. Lakini kwenye mabwawa, anasema, hapaingiwi na mtu mwenye kidonda wazi, na daktari wa hapa atakuangalia kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mwambie dada afungue kabati. Usimeze kwa kukisia, wala usijumlishe ulivyokosa; chukua vidonge vyako na kadi yako, mwende kliniki leo hii, muuguzi akupime na aone kidole, akuambie uanze na vingapi. Usitie dawa ya kienyeji, usikate ngozi na wembe, usivae yale mabuti. Chupa zilizobaki zimwage, au mkaribishe jirani wa nyundo, ni chai.

Mimi nitafika Alhamisi mchana. Najua utakuwa umekasirika, na una haki. Huenda usiniitikie shikamoo, huenda ukakaa siku nzima ukitengeneza kiti ambacho hakijavunjika ili usinitazame. Nitakaa hapo hapo karibu nikusubiri umalize. Hasira zako naziweza, baba. Kaburi lako siliwezi.

Nisalimie dada, mwambie ahsante kwa kunipigia na anisamehe kwa kumfanya asikie chai yangu ikisifiwa mtaa mzima. Nisalimie majirani wote, na jogoo pia, kama yupo. Mungu akufungie kidonda hicho, akupe usingizi na akulegeze moyo kwangu.

Ni mimi, kitindamimba wako, binti wa Bwana Matope.